Ukisikia Wafadhili Wamekata Misaada: Namna ya Kuipima Habari Hiyo

Boksi la dawa lilikuwa la karatasi ngumu, na ukilifungua, juu kabisa ya dawa ulikuta orodha. Kazi yangu ya kwanza likifika ilikuwa kuisoma orodha ile huku nikihesabu: mikebe ya klorokwini, parasetamoli, penisilini ya sindano, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya macho, bandeji. Nilihesabu mbele ya dereva, yeye akatia sahihi, nami nikatia yangu, kisha nikaingiza kila kitu kwenye kadi za bohari. Dawa zile zilinunuliwa kwa fedha za watu wa Skandinavia, na zahanati yetu, ndani ndani huko kutoka Mariakani, pwani ya Kenya, ilizingoja kama mkulima anavyongoja masika.

Mwishoni mwa Novemba 1991, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitangaza kwamba wafadhili wa Kenya wamekutana Paris, Benki ya Dunia ikiongoza kikao, na wamesimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Walitaka mageuzi ya kisiasa na ufisadi ukomeshwe. Tuliisikiliza habari hiyo redio ikiwa chini, mlango umefungwa, maana siku zile hukujua jirani yako anapeleka maneno kwa nani. Mume wangu alifurahi, machozi yakamlengalenga. Mimi nikawaza boksi.

Boksi lilikuja. Kuna kingine ambacho hakikuja, na nitakieleza.

Juzi mtoto wa dadangu, ambaye anafundisha historia shule ya upili huko Voi, alinitumia kwa simu kichwa cha habari juu ya nchi moja iliyozuiliwa misaada kwa sababu ya kuvuruga uchaguzi. Akaniuliza: "Mama mdogo, hii tuishangilie au tuililie?" Nikamwambia kichwa cha habari hakitoshi kujua, nikamwandikia mambo ya kuuliza kabla ya kuchagua upande. Haya hapa ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Fedha zinazopita mkononi mwa mtawala asiyekubali kuulizwa na watu wake zinafaa kufungwa masharti ya kidemokrasia, na masharti makali. Chanjo ya mtoto haifai kufungwa sharti lolote. Kazi iko katika kuyatenga hayo mawili, na wanaotangaza habari mara nyingi huyachanganya.

Anza na fungu lililokatwa

Neno "msaada" limebeba vitu visivyofanana kabisa. Kuna fedha zinazoingia hazina ya serikali, ambazo waziri huzitumia kama anavyotumia kodi; huo huitwa msaada wa bajeti. Kuna miradi, kama barabara na nyaya za umeme. Kuna silaha na mafunzo ya wanajeshi. Kuna dawa, chanjo na chakula, ambavyo mara nyingi hupitia mashirika na vina orodha yake na sahihi zake. Halafu kuna mikopo, nayo pia huitwa msaada, hiyo nitairudia.

Kilichosimamishwa Paris kilikuwa hasa fedha za haraka za kuisaidia serikali kulipia bidhaa kutoka nje, takriban dola milioni 350. Boksi langu halikuwamo humo. Ndiyo maana dereva alikuja kama kawaida, tukahesabu, tukatia sahihi.

Kilichopungua baadaye ni vile ambavyo serikali yenyewe ilitakiwa kulipia. Friji yetu ya chanjo ilikuwa ya mafuta taa. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo nilikuwa nikisoma kipimajoto asubuhi na jioni na kutia nukta kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Mwaka 1993 bei zilipanda vibaya, shilingi ikaporomoka, na mgao wa mafuta ukaanza kuchelewa. Ndoto nilizokuwa nikiota wakati huo zilikuwa za zile nukta: saba, tisa, kumi na moja. Siku moja nilipanga chupa zote kwenye kisanduku cha barafu, nikakipakata ndani ya matatu hadi hospitali kubwa ili zikahifadhiwe huko. Wiki tatu mfululizo kina mama walikuja siku ya kliniki, wengine wametembea saa mbili na mtoto mgongoni, nami nikawarudisha bila chanjo.

Kwa muda niliwalaumu wafadhili. Kisha tukaanza kusikia habari za Goldenberg: mabilioni ya shilingi yalikuwa yametolewa hazina kulipa ruzuku ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, katika nchi ambayo haikuwa na almasi ya kuuza. Na kampeni za 1992 sote tulizishuhudia. Noti ya mia tano ilimwagwa mpaka watu wakaipa jina la kiongozi wa vijana wa kampeni ya KANU, chama tawala, wakaiita "jirongo". Sisemi uamuzi wa Paris haukuuma. Nasema mafuta ya friji yangu yalikuwa na wezi wa karibu zaidi kuliko Paris.

Basi ukisoma habari, tafuta fungu limetajwa kwa jina gani. Kama tangazo limesema tu "misaada", usiridhike. Ngoja maelezo ya ubalozi au ya wizara ya fedha, kwa kawaida hayachelewi. Kisha jiulize: fedha hizi zingefika, sahihi ya kuzipokea ingekuwa ya nani? Ikiwa ni ya waziri, sharti lina maana. Ikiwa ni ya muuguzi au ya mwalimu, lipinge hata kama unamchukia mtawala kuliko mtu yeyote.

Kutenga huko kunawezekana, ila hakumalizi kila kitu. Machi 2016, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kushikilia muhula wa tatu na watu kuuawa mitaani Bujumbura, Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha zilizokuwa zikienda moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, lakini ukasema utaendelea kuwasaidia raia kupitia njia nyingine. Kwenye karatasi ndivyo ninavyotaka iwe. Lakini serikali iligeukia watu wake: ikaanzisha michango ya uchaguzi wa 2020, watumishi wakikatwa mishahara, na Imbonerakure, vijana wa chama tawala, wakipita vijijini na hata kuweka vizuizi njiani kuidai. Kwa hiyo fungu likishakatwa, fuatilia pengo linazibwa kutoka mfuko wa nani. Wafadhili wengi wakishatangaza huondoka na kamera zao, na hapo ndipo mwananchi huanza kukamuliwa.

Tazama nani alidai kwanza

Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa hiyo nitakaa.

Siku zile tuliambiwa vyama vingi ni mambo ya wazungu, tumeletewa na mabalozi. Balozi wa Marekani, Smith Hempstone, alitukanwa sana kwa kusema mwaka 1990 kwamba nchi yake itazipendelea kwa misaada nchi zinazolea demokrasia. Sasa kaa chini na kalenda. Siku ya mwaka mpya wa 1990, kabla ya maneno ya balozi, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki zitufunze kitu. Askofu Henry Okullu akaungana naye. Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakaita waandishi wa habari na kudai vyama vingi hadharani. Julai wakawekwa kizuizini. Julai 7, Saba Saba, watu walikwenda Kamukunji wakapigwa risasi. Agosti 1991 ikaundwa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, na miongoni mwa wale sita wa mwanzo, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro na Martin Shikuku, alikuwamo mtu wetu wa Mombasa, Ahmed Bamahriz. Novemba 16 mkutano wao Kamukunji ukazimwa na viongozi wakakamatwa. Siku kumi baadaye ndipo Paris ikaamua.

Wafadhili walikuja wa mwisho. Walikuta mlango umeshasukumwa na watu waliokwisha kulala rumande, nao wakaongeza bega lao. Desemba 3, Kasarani, Rais Moi akawatangazia wajumbe wa KANU kwamba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kitaondolewa, na mwezi haukwisha kabla bunge halijakiondoa. Wajumbe wenyewe walikuwa wamefika tayari kukitetea.

Malawi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Machi 1992 maaskofu wa Kikatoliki walisomesha barua yao ya Kwaresima makanisani, Kamuzu Banda akiwa rais wa maisha tangu 1971. Aprili, Chakufwa Chihana alirudi nchini na akakamatwa pale pale uwanja wa ndege wa Lilongwe. Mei wafadhili wakazuia misaada yote isipokuwa ya kibinadamu. Zingatia hiyo "isipokuwa": mwaka ule ulikuwa wa ukame mkubwa kusini mwa Afrika, na Malawi ilikuwa imewapokea wakimbizi wengi mno kutoka Msumbiji. Chakula kiliendelea kuingia. Juni 14, 1993, Wamalawi wakapiga kura ya maoni na zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda akashindwa na Bakili Muluzi, akakubali. Nikiulizwa ni wapi jambo hili lilifanywa karibu na inavyopaswa, nitasema Malawi.

Kwa hiyo tafuta katika habari yako: kabla ya mfadhili kusema, kulikuwa na mchungaji, mwanasheria, mama, chama cha wafanyakazi aliyedai jambo hilo hilo? Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, wakapigwa na polisi. Walikuwa na dai moja: tupeni watoto wetu. Ukiona sharti la mfadhili linalingana na dai la watu wa namna hiyo, lina mizizi. Ukiona halidaiwi na mtu yeyote ndani ya nchi, kuwa na shaka nalo, maana mtawala ataligeuza fimbo ya uzalendo na kuwachapia wapinzani wake.

Wanaosema "tunaingiliwa" wajibiwe kwa daftari la mikopo

Sitawadharau wanaosema hivi. Nimezaliwa chini ya mkoloni, najua uchungu wa kuamriwa. Lakini wengi wao hawajaangalia ni nani anayelipa.

Mikopo nafuu ya Benki ya Dunia ya wakati ule ilikuwa ya kulipwa kwa miaka 35 hadi 40. Mkopo wa miaka 40 uliotiwa sahihi 1991 unamalizika 2031. Yule mtoto niliyemrudisha bila chanjo mwaka 1993, akiwa hai, leo ana zaidi ya miaka 30 na analipa kodi ya kuurejesha. Aliyetia sahihi alichaguliwaje? Bunge lililokuwapo lilitokana na uchaguzi wa 1988, ule wa mlolongo, ambapo watu walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea na baadhi ya wenye foleni fupi wakatangazwa washindi. Anayemkopesha mtawala wa namna hiyo bila sharti ameshaingilia tayari: amechagua kumwamini yeye na kuniandikia mimi deni.

Soma sharti lenyewe, neno kwa neno

Sharti linalopimika hutaja kitu kimoja na lina tarehe. "Kifungu hiki kiondolewe." "Mfungwa huyu aachiliwe." "Tume ya uchaguzi iundwe upya kabla ya mwezi fulani." Sharti la "kuboresha utawala bora" halimwumi mtu, waziri ataunda kamati, kamati itaandika ripoti, fedha zitarudi.

Hata hivyo la kupimika nalo lina mtego, na sisi tulinaswa. Kuondoa kifungu cha 2A kulichukua wiki. Kilichofuata kilituchukua miaka. Moi alishinda uchaguzi wa Desemba 29, 1992 kwa asilimia 36 hivi, upinzani ukiwa umegawanyika, na akakaa hadi mwisho wa 2002. Katika Bonde la Ufa mapigano yalianza Oktoba 1991 huko Meteitei, mamia wakauawa na maelfu wakafukuzwa katika maeneo ambako kura zao hazikutakiwa. Wafadhili walikuwa wamedai sanduku la kura, na sanduku la kura wakapewa. Novemba 1993 mifereji ikaanza kufunguliwa tena.

Mimi niliyaona Likoni. Usiku wa Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi kilivamiwa, silaha zikachukuliwa, kisha nyumba za watu wa bara zikachomwa. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki. Nilivuka feri na wauguzi wenzangu tukaenda kujitolea. Mama mmoja, mkaanga samaki, alikaa chini ya ukuta na mtoto wa mwaka mmoja hivi. Nilipomuuliza mtoto amepata chanjo gani, alifungua fundo la leso akatoa kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne, haina hata alama ya moshi. Nyumba imeungua, sufuria zimeungua, fedha zimeungua, lakini kadi ya kliniki aliikumbuka. Hakuuliza habari za uchaguzi. Aliuliza kama kliniki ya Jumatano itakuwapo.

Tangu siku hiyo, sharti likiishia kwenye tarehe ya kupiga kura naliona limekatika katikati. Tafuta kama linataja polisi, mahakama, redio ya taifa, na nani anayewateua makamishna wa uchaguzi. Tafuta pia kama linasema nini kitafanyika ikiwa kura zitapigwa lakini watu wakafukuzwa makwao kwanza.

Angalia nani mwingine amesamehewa

Hoja kubwa kabisa dhidi yangu ni hii, na naikubali ni nzito. Wakati Kenya inabanwa kwa chama kimoja, Uganda ya Museveni ilikuwa kipenzi cha wafadhili hao hao, ingawa vyama havikuruhusiwa kugombea hadi kura ya maoni ya 2005. Misri hupewa na Marekani dola bilioni 1.3 za kijeshi kila mwaka. Sheria ya Marekani yenyewe hufunga sehemu ya fedha hizo kwa haki za binadamu, na Septemba 2024 zilitolewa zote, sharti likiwekwa kando kwa jina la usalama. Togo nayo: Umoja wa Ulaya ulisimamisha ushirikiano mwaka 1993, lakini Ufaransa haikumtupa mkono Rais Eyadéma, naye akafia madarakani Februari 2005. Mtawala akiwa na rafiki mmoja tajiri, wengine wanaweza kukata mpaka wachoke.

Kwangu hilo linadai sharti lishike kwa wote, na lishike kwanza kwenye silaha. Halidai liondolewe. Sijawahi kusikia mgonjwa aliyenyimwa dawa akataka na mwenzake anyimwe ili mambo yawe sawa.

Kwa hiyo taja habari mbili unapojadili moja. Mtu akisema Tanzania ilistahili kuzuiliwa dola milioni 472 za umeme Machi 2016, kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa na kurudiwa na kwa sheria ya makosa ya mtandao, muulize nani mwingine mwaka ule alizuiliwa, na nani hakuguswa. Mimi uamuzi ule unanipa shida hadi leo. Shirika la Marekani lililokuwa litoe fedha hizo, MCC, lilikuwa limeandika vigezo vyake mapema, na serikali ilivijua. Hilo ni haki. Lakini waliobaki gizani hawakufuta uchaguzi wowote.

Na usichanganye sharti na kususa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha karibu misaada yake yote ya nje kwa mara moja, na Julai 1 shirika la USAID likafungwa. Hakukuwa na kifungu cha kuondoa wala mfungwa wa kuachilia. Hakuna mtawala aliyeambiwa afanye nini ili dawa zirudi. Mimi niliyewahi kushika kisanduku cha barafu mapajani mwangu nilikaa kitandani nikalia.

Basi nimemwambia mtoto wa dadangu afungue ukurasa mmoja kwa kila habari ya aina hii, yeye na wanafunzi wake. Juu waandike tarehe, fungu, kiasi, na sahihi ya nani. Chini waandike sharti kwa maneno yale yale ya tangazo, na jina la mtu wa ndani aliyelidai kabla. Kisha wahesabu miezi sita, waweke alama kwenye kalenda ya ukutani, na siku hiyo ikifika waufungue ukurasa ule na kumpigia simu muuguzi wa zahanati iliyo karibu kumuuliza friji ina nyuzi ngapi.